Kompyuta ya zamani imegoma baada ya kuovakloki: dalili, sababu na tiba kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Kompyuta nyingi za mezani ninazofungua hapa Mtwara ziliingia zikiwa zimeshatumika, na ndani zina prosesa za Intel za ukoo wa Core 2. Mwenye mashine anaona inachelewa. Anasikia kwamba Q6600, prosesa ya mwaka 2007, inaweza kutolewa gigahezi 2.4 ikafika 3.0 bila kununua kitu. Anajaribu usiku, na asubuhi skrini ni nyeusi. Maswali yanayonijia ni yaleyale, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Katika kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikamalizia na ile ya nadra.

Tuelewane kwanza. Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani. Kwenye Core 2 hesabu yake ni nyepesi: mapigo ya FSB, njia inayounganisha prosesa na sehemu nyingine za mashine, yanazidishwa kwa namba iitwayo kizidisho. Q6600 ni 266 mara 9, sawa na megahezi 2400. FSB ikipanda hadi 333 unapata 3000. Kizidisho kimefungwa, huwezi kukipandisha juu ya 9, kwa hiyo mlango uliobaki ni FSB. Tatizo ni kwamba FSB ikipanda inaikokota ramu pamoja nayo, na hata ile chipu iliyo kati ya prosesa na ramu. Wewe umegusa kitu kimoja, vimesogea vitatu.

Kabla ya kutafuta ugonjwa wowote, ingia bayosi (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), rudisha kila kitu kwenye mipangilio ya kiwanda, kisha itumie mashine siku mbili. Dalili ikiendelea, basi haukuileta wewe. Mashine ya miaka kumi na tano ina maradhi yake kabla hujaigusa, na humu kwetu kuna chumvi ya bahari, unyevu na umeme unaoyumba. Dalili ikitoweka, rudi kwenye namba zako ukiwa na daftari na kalamu. Badilisha kitu kimoja, andika, pima, ndipo uende kingine. Nakili pia picha, kazi za shule na vitabu vya hesabu za duka kwenye diski ya nje kabla hujaanza. Hili naliomba kwa kila mtu, kwa sababu nimeona mtu akipoteza picha za marehemu mama yake, na hakuna gigahezi inayolipa hilo.

Sioni menyu ya kuongeza kasi

Hapa hakuna kilichoharibika. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama Dell OptiPlex, zina bayosi iliyofungwa na huwezi kugusa FSB. Zipo programu zinazojaribu kuibadilisha ukiwa ndani ya Windows, lakini zinataka ujue chipu ya saa, ile inayotoa mapigo, iliyoko kwenye madabodi yako (ubao mkuu wa ndani). Ukiichagua kimakosa mashine inaganda papo hapo. Kwa mashine ya namna hiyo ushauri wangu ni uache, uongeze ramu na uweke diski ya SSD.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Au inawaka sekunde tatu, inazima, inawaka tena, hivyohivyo bila kukoma. Karibu kila mara ni kwamba umeruka mbali mno kwa mara moja. Mtu anatoka 266 anakwenda 400 kwa sababu ameona mwenzake kafanya hivyo. Prosesa mbili za jina moja hazifanani. Moja inafika mbali kwa volti ndogo, nyingine inagoma mapema.

Subiri kwanza. Madabodi nyingi za wakati huo, zikishindwa kuwaka mara kadhaa, hujirudisha zenyewe. Zisipofanya hivyo, futa kumbukumbu ya bayosi kwa mkono. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe, kisha tafuta pini tatu karibu na ile betri ya duara. Kando yake huandikwa CLR_CMOS au CLRTC. Hamisha kile kifuniko kidogo kutoka pini ya 1 na 2 kwenda ya 2 na 3, hesabu sekunde kumi, kirudishe kilipokuwa. Usiiwashe mashine kikiwa bado upande wa kufutia. Ukikosa pini hizo, toa betri kwa dakika kumi na tano huku waya wa umeme ukiwa nje.

Sababu ya pili ni ramu. Hii huwakamata hata waangalifu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Tuseme una ramu ya DDR2-800 na bayosi imeipanga kwa uwiano wa 2 kwa 3 na FSB ya 266. Hapo ramu inakwenda megahezi 400, ambayo ndiyo 800 inayoandikwa kwenye lebo, kwa kuwa lebo huhesabu mara mbili. Ukipandisha FSB hadi 333 na kuuacha uwiano uleule, ramu inalazimishwa kufika 1000. Prosesa huenda ilikuwa tayari kabisa, lakini ramu imekata pumzi na wewe unailaumu prosesa. Weka uwiano wa 1 kwa 1: FSB 333 itaipa ramu 667, chini ya uwezo wake, na hata FSB ya 400 itakuwa 800 tu. Tangu nianze kufanya hivyo kabla ya jambo lolote, mashine zinazorudi kwangu zikiwa na skrini nyeusi zimepungua sana.

Ikiwa umefuta bayosi na bado kimya, chomoa ramu zote urudishe moja tu. Nyumba za Shangani, Mikindani na zile za ufukweni Lindi zina hewa ya chumvi, na miguu ya ramu huweka utando. Isugue polepole kwa kifutio cheupe cha penseli, ifute kwa spiriti, iache ikauke. Mashine nyingi "zilizokufa" hufufuka hapa.

Ukifika hatua hii na skrini bado haina picha, simama. Usiitoe prosesa kwenye soketi kwa kujaribu. Soketi ya LGA775 ina pini 775 nyembamba kama nywele ndani ya madabodi yenyewe, na moja ikipinda unahitaji fundi mwenye lenzi na mkono mtulivu.

Inachemka, au inajizima mchana

Ukiniuliza ni dalili ipi hasa ya kwetu, ni hii. Maelekezo mengi ya kuovakloki yameandikwa na watu ambao vyumba vyao ni vya nyuzi 20. Chumba cha bati hapa Mtwara, mchana wa kaskazi, Januari au Februari, kinavuka 32 bila shida. Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa inayoivuta. Kila nyuzi inayoongezeka chumbani inaongezeka karibu yote kwenye prosesa.

Kuna mashine niliyoipima Newala mwezi wa saba, kule juu kwenye uwanda wa Makonde ambako watu hulala na mablanketi. Ilifanya kazi usiku kucha kwa gigahezi 3.2 bila tatizo. Mwenyewe alipoishusha Mtwara mjini mwezi wa kumi na mbili ilianza kujizima kila ifikapo saa nane mchana. Hakuna kilichoharibika njiani. Chumba tu kilikuwa kimeongezeka zaidi ya nyuzi kumi. Tangu hapo sikubali kipimo cha alfajiri wala cha msimu wa kusi. Mashine ya pwani ipimwe saa nane mchana, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote.

Weka programu ya Core Temp uone joto la kila kiini. Mimi nasimama nyuzi 75 mashine ikiwa kazini. Prosesa hizi zina kinga yake: zikikaribia 100 hujipunguza kasi zenyewe, na joto likizidi hapo huzima mashine papo hapo. Kinga hiyo ni ya dharura, usiifanye kuwa desturi.

Anza na vumbi. Fungua kava, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, pulizia kwa blowa. Vumbi jekundu la Masasi na Nachingwea likichanganyika na moshi wa jiko hugeuka zulia katikati ya feni na hiti sinki (chuma kinachonyonya joto la prosesa), na kwa juu huwezi kuliona. Itoe feni uangalie chini yake.

Vumbi likiwa halipo, kagua miguu ya feni. Feni ya kiwanda ya LGA775 hushikwa na miguu minne ya plastiki inayosukumwa hadi ilie. Mguu mmoja ukiwa haujaingia sawasawa, upande mmoja wa hiti sinki unainuka na joto linapaa ndani ya dakika moja. Geuza madabodi au chungulia kwa tochi uhakikishe yote minne imetokeza upande wa nyuma.

Kisha pesti, ile inayokaa kati ya prosesa na hiti sinki. Ikiwa haijawahi kubadilishwa tangu kiwandani, imekauka kama udongo. Ifute yote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili. Weka mpya, tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati, hiti sinki yenyewe itaisambaza. Ukipaka nyingi unaharibu.

Mwisho ni volti, na hapa naomba usome polepole. Joto hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba wake. Mtu akitoka 2.4 kwenda 3.2 na akapandisha volti ya prosesa kutoka 1.25 hadi 1.40, joto linalozalishwa linaongezeka kwa karibu theluthi mbili, wakati kasi imeongezeka kwa theluthi moja tu. Ndiyo maana kwa hewa yetu naona 3.0 kwa volti ndogo ni bora kuliko 3.4 kwa volti kubwa. Kwa feni ya kiwanda sivuki 1.35. Kwa feni kubwa ya kununua, 1.40. Usiiache bayosi kwenye Auto katika sehemu hii, maana madabodi nyingi zikiona FSB imepanda hujiongezea volti kimyakimya.

Mashine ikijizima ndani ya dakika mbili hata kwa mipangilio ya kiwanda, baada ya kusafisha na kubadilisha pesti, usiendelee kuiwasha. Mpelekee fundi.

Inaganda, au inaleta skrini ya bluu

Andika namba iliyo kwenye skrini ya bluu. 0x00000124 au 0x00000101 mara nyingi inasema prosesa imekosa volti ya kutosha kwa kasi uliyoipa. 0x0000001A na 0x00000050 zinanielekeza kwenye ramu. Hazisemi ukweli kila mara, lakini zinakupa pa kuanzia.

Kwa upande wa prosesa, shusha FSB kwa 10 kabla hujafikiria kuongeza volti. Dalili ikiisha, umeuona ukomo wa mashine yako, na hakuna aibu kubaki hapo. Ukitaka kuongeza volti, nenda kwa hatua ndogo kabisa inayoruhusiwa na bayosi, kisha uendeshe Prime95, programu ya kuichosha prosesa, saa kadhaa huku ukitazama joto. Tazama pia CPU-Z, programu inayoonyesha kasi na volti, wakati huo: volti uliyoweka bayosi na ile inayofika prosesa ikiwa kazini hazilingani. Ukiweka 1.35 unaweza kukuta 1.30. Madabodi imeundwa hivyo, lakini inaeleza kwa nini mashine inakaa vizuri ikiwa haina kazi na kuanguka unapofungua video nzito.

Kwa upande wa ramu, endesha MemTest86+, programu ya kupima ramu, kutoka kwenye flashi, iache izunguke usiku mzima. Kosa moja jekundu linatosha kusema ramu hiyo hairidhiki. Ishushe kasi, au pima kipande kimoja kimoja. DDR2 ya kawaida inataka volti 1.8, na baadhi zina lebo ya 2.0 au 2.1. Fuata lebo.

Inajiwasha upya jioni

Kama mashine haigandi wala haileti bluu, inazima tu ghafla na kuwaka upya, na hasa kati ya saa moja na saa nne usiku, tazama taa ya chumba kabla ya bayosi. Taa ikififia kwa wakati huohuo, au feni ya dari ikipunguza mwendo, umeme umeshuka kwa sababu mtaa mzima umewasha majiko na mafriji. Pawa saplai iliyochoka huvumilia hilo mashine ikiwa na kasi ya kiwanda. Ukiiongezea mzigo wa kuovakloki, haina akiba tena.

Ipime kwa multimita kwenye plagi ya diski, mashine ikiwa kazini: waya wa njano na mweusi utoe kati ya 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi kati ya 4.75 na 5.25. Ikiwa nje ya hapo, pawa saplai imekwisha, nunua nyingine. Usiifungue kamwe. Umeme wetu wa volti 230 ukishanyooshwa ndani yake hufika karibu 325, na kapasita zake huweza kuutunza hata baada ya kuchomoa waya. Stebilaiza husaidia umeme unaopanda na kushuka, na UPS (betri ya akiba) husaidia ukikatika, ila usiiwekee UPS ndogo mzigo wa mashine iliyoovaklokiwa pamoja na skrini nene ya zamani.

Nimeongeza kasi lakini CPU-Z inaonyesha 1600

Hii hunifurahisha kwa sababu tiba yake ni maelezo tu. Mashine ikiwa haina kazi, prosesa hushusha kizidisho hadi 6 ili kuokoa umeme. 266 mara 6 ni 1600, na kwa FSB ya 333 utaona 2000. Fungua kazi nzito, namba itapanda. Wengi hushauri kuzima kipengele hicho. Mimi nakiacha, kwa joto letu kila dakika ya kupumua ni faida.

Ikiwa hata kazini haipandi, tazama joto: huenda inajipunguza kasi. Na ikiwa inapanda lakini kufungua Windows bado ni dakika nne, tatizo ni diski ngumu ya zamani. Kuovakloki hakuifanyi sahani izunguke haraka zaidi.

Mafaili yanaharibika

Picha inafunguka nusu, faili la zipu linasema limeharibika, Windows inaanza kujikarabati kila asubuhi. Acha kuovakloki siku hiyohiyo. Hii naiogopa kuliko skrini ya bluu, kwa sababu bluu inapiga kelele na hii inakuharibia kimya. Mara nyingi ni ramu inayokosea kidogo tu, isiyotosha kuiangusha mashine. Sababu nyingine ni mapigo ya PCI na PCI Express, njia zinazohudumia kadi na diski, yaliyopanda pamoja na FSB. Hakikisha bayosi imeyafunga kwenye megahezi 33.3 na 100. Madabodi isiyo na uwezo wa kuyafunga haifai kwa kazi hii, na diski ndiyo itakayolipa. Ukirudisha kasi ya kiwanda na uharibifu ukaendelea, diski yenyewe inakufa. Nakili unachoweza mara moja, usisubiri wikiendi.

Inasahau mipangilio

Tarehe inarudi nyuma miaka, kasi inarudi ya kiwanda kila umeme ukikatika. Ni betri ya CR2032. Inapaswa kuwa volti 3, na ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe. Za bei ya kutupa huisha ndani ya miezi michache.

Harufu, mlio, au kava linakupiga shoti

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au ya samaki aliyeoza ndani ya kava, chomoa waya ukutani bila kusubiri Windows ifunge. Fungua, angalia kapasita karibu na prosesa, zile za mfano wa makopo madogo. Juu zinapaswa kuwa bapa. Zikivimba au zikitoa ute wa kahawia, madabodi haipaswi kuwashwa tena hadi zibadilishwe na mtu anayejua kuchomea. Mashine nyingi za miaka ya 2000 zilitoka na kapasita mbovu, na joto la kuovakloki huzimaliza haraka.

Kava likikuchachatisha vidole ukiwa pekupeku, nyumba haina ethi (waya wa kwenda ardhini) au umetumia adapta iliyoikata. Bila ethi, kava la kompyuta huweza kukaa na takriban nusu ya umeme wa ukutani, karibu volti 115, kwa mkondo mdogo sana. Kwa kawaida hauui, lakini siku pawa saplai ikipata hitilafu ya ndani huo mkondo hautakuwa mdogo tena. Hiyo ni kazi ya fundi umeme wa nyumba, na watoto wasiikaribie mashine hadi aje.

Unapompelekea fundi wa kompyuta, mpelekee na daftari. Akiona kwamba ilikuwa 333, volti 1.33, ramu 667, na ilianza kunuka saa tisa mchana umeme uliporudi, atajua pa kufungua kabla hajashika bisibisi.